Ukuta wa Hondohondo

Desturi ya hondohondo ni kumziba mkewe na makinda kwa udongo ndani ya shimo la mti, na kuwalisha kupitia upenyo. Makinda wakiota manyoya, ukuta hubomolewa. Hondohondo mmoja alikataa katakata.

"Huko nje ni mwewe watupu," alisema. "Upenyo unawatosha!"

Makinda wakakua humo wakibanana, hawajui kuruka.

Siku moja mwewe akamfukuza baba yao kweli. Baba akaja akiuparua ukuta. "Mke wangu, nifungulie!"

"Mlango uliuweka wapi?" mke alifoka. "Si ulisema upenyo unatosha? Haya, pita!"

Mwewe akamnyakua mume.

Njaa ilipowabana, mama akaugonga ukuta kwa mdomo wake mwenyewe. Ukaporomoka mara moja. Ulikuwa udongo tu, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.