Kofia ya Shemasi Tharpe

Shemasi Lonzo Tharpe alikuwa amejifungia ndani, na akina mama sita wa kanisa walikuwa wakiupiga mlango wake kwa viganja.

"Toka, Shemasi! Au tukubebe na kochi lako?"

"Mimi natazama hapa hapa nyumbani."

Hiyo ilikuwa Jumapili ya tano. Kila Jumapili saa moja jioni, mtaa wao wa Memphis ulikusanyika ukumbini mwa kanisa kutazama mchezo wa televisheni wa Delphine, binti wa Verdell Oates. Kituo kizima hakikuwa na mchezo mwingine wa familia ya watu weusi. Delphine aliigiza daktari, si mpishi wa mtu. Lakini kituo kilikuwa kimesema: watazamaji wasipoongezeka kufikia Jumapili hii, mchezo unafutwa.

"Weusi wenyewe hawautazami," wakubwa wa kituo walimwambia Delphine usoni.

Verdell alikuwa amebandika matangazo kwenye kila saluni. Alikuwa amefunga siku tatu, akiomba.

"Watu mia mbili wako ukumbini, wewe umejificha kama bundi," alisema mlangoni. "Mwanangu amekukosea nini?"

"Nampenda kuliko unavyojua, Dada. Ila kuna jambo niliapa nisiliseme."

"Ulimwapia nani? Kochi?"

Wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba labda Shemasi anawatazama wazungu wa kituo kingine. Hilo lilimchoma. Baada ya kitambo akatoka, akaufunga mlango upesi.

Mbele kidogo Verdell akaona kichwa cha Shemasi ki wazi.

"Kofia iko wapi?"

"Iache. Kipara hakiibiwi."

"Kwa baridi hii? Lete ufunguo."

"Iache, nimesema!"

Lakini Verdell alikwisha kuuchomoa mfukoni mwake, na wenzake walikwisha kumshika mikono, wakimvuta huku wakiimba.

Kofia ilikuwa juu ya televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa ikiwaka, ikivitazama viti vitupu. Verdell akamwonea huruma. Mzee wa pensheni, na umeme unateketea bure! Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika nne. Akaizima televisheni, akachukua kofia, akakimbia.

Delphine alipotokea na koti lake jeupe, ukumbi mzima ulisimama. Shemasi, kofia kichwani, alipiga makofi kuliko wote. Verdell alilia, akamshukuru Mungu kwa jina la kila aliyekuja.

Alhamisi simu ikalia.

"Wameufuta, Mama," alisema Delphine. "Kumbe wanahesabu kwa visanduku. Wanavifunga kwa siri kwenye televisheni za nyumba chache. Mtaani kwetu ni nyumba moja tu. Jumapili nne ilitutazama, tukaanza kupanda. Jumapili hii televisheni yake ikazimwa saa moja kasoro dakika nne."

Verdell akaketi chini, simu sikioni.

"Mama, ni nani hapo anayetuchukia hivyo?"