Mchicha wa Kundi la Tisa

Sheria inasema kila kiotacho hutambuliwa kwa rangi yake, na rangi husomwa na kipimo, si na mtu. Ndiyo maana Shemdoe, mkaguzi wa kata, alisimama jikoni kwa Mboza mchana huo, akibandika karatasi ya njano kwenye sufuria ya mchicha mwekundu.

"Kundi la tisa," alisema. "Pamoja na uyoga wa sumu. Cha kundi hilo hakilali nyumbani kwa mtu."

"Shemdoe, nilikufundisha biolojia miaka minne. Rangi hiyo imo kwenye mchicha, na imo kwenye uyoga ule mwekundu wenye madoa. Sumu ya uyoga ni kitu kingine kabisa."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua, na bado unabandika."

"Kipimo hakina pa kuandika ninachojua."

Mboza alichota mchicha kijiko kizima, akautafuna polepole mbele yake, akameza.

"Nimekufa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi andika hilo."

"Nalo halina pa kuandikwa."

Alikuwa ameshabeba sufuria mpaka mlangoni pale Zaina, bintiye Mboza wa miaka mitano, alipoingia kutoka uani na sahani tupu, midomo na vidole vyekundu kwa mchuzi. Kipimo kililia. Shemdoe alikisoma, akafuta kioo kwa shati, akasoma tena. Akaiweka sufuria chini na kubandua karatasi nyingine ya njano.

"Mwalimu," alisema bila kumtazama, "mfungashie nguo."