Filamu ya Jumamosi

Televisheni ilikuwa ya moto. Fundi cherehani aliigusa mgongoni kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa, kisha akawageukia wanawe wawili waliokuwa wameinamia vitabu kana kwamba wana mtihani kesho.

"Mmeiwasha?"

"Hapana, Mama," alijibu binti, mwenye miaka kumi na mmoja. Mdogo wake alitazama dari.

Tangu baba yao afariki, yeye ndiye mama, yeye ndiye baba, na filamu alizichuja kuliko chai. Kila Alhamisi muuza filamu alimjazia tatu kwenye flashi, baada ya kuhojiwa kama mshtakiwa: Kuna wanaouana? Kuna wanaovua nguo? Matusi je? Muuzaji alimwambia hata mchele hauchambuliwi hivyo. Flashi ilikaa kabatini hadi Jumamosi alasiri, walipochagua moja na kuitazama wote watatu kwenye kochi.

Lakini siku hizi watoto walizikataa filamu kabla hazijaanza. Wiki iliyopita alipotaja ile ya farasi, binti alisema haraka kwamba haina maana. Aliionea wapi? Mama alipata jibu moja tu: wameshaonja nyingine, zile za kunong'onezana shuleni, na sasa farasi hawana ladha. Ilimuuma. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye alijiona ameshindwa kulea peke yake.

Ijumaa aliliacha gauni la bibi harusi pindo likiwa nusu, akarudi nyumbani saa tisa. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Ndani, sauti ya mwanamume ilikuwa ikigumia.

"Peleka mbele," mdogo alinong'ona. "Hapo ni pabaya."

"Tulia. Lazima tuone mwisho wake."

Mama akausukuma mlango. Kwenye skrini alilala baba mgonjwa, watoto wake wa filamuni wamemzunguka. Ilikuwa filamu ya mwoka mikate, aliyoichagua yeye mwenyewe jana. Akabaki ameduwaa, mpaka alipomwona binti akificha daftari nyuma ya mgongo. Kumbe kuna hata maandishi machafu. Alilinyakua kwa hasira.

Filamu zilikuwa zimeorodheshwa kwa mwandiko safi, kila moja na mstari wake.

"Ya farasi: baba yao anakufa katikati. Mama ataenda kulia jikoni. Tuseme haina maana."

"Ya treni: baba anasafiri, anarudi. Inafaa."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa leo.

"Ya mwoka mikate: baba anaumwa sana. Akipona, Mama anaweza kuitazama, ila tumkalishe katikati yetu."