Kongoti na Swali la Robo

Zama wanyama walipoanza kupeleka watoto shule, mwalimu wao alikuwa Kongoti, ndege mwenye subira ndogo. Siku moja aliuliza, "Nusu gawanya kwa robo ni ngapi?"

Kuchakulo mdogo, yule kindi wa ardhini, akachuma jani la mviringo, akalikata nusu, akaanza kulikunja.

"Unafanya nini?"

"Natazama, mwalimu, robo ngapi zimo ndani ya nusu."

"Mjinga we! Geuza robo, kisha zidisha!"

Darasa zima likacheka. Kuchakulo akaondoka, asirudi tena.

Mwaka uliofuata, kinda wa Kongoti alimwuliza, "Baba, kugawanya ni kupunguza. Mbona nusu kwa robo inakuwa mbili?"

"Geuza, zidisha."

"Kwa nini?"

Kongoti hakujua. Akachukua nusu ya tikiti, akaikata sawa kwa sawa, na mbele yake zikalala robo mbili. Aibu ikamshika. Akaenda mbio hadi kwenye shimo la kina Kuchakulo.

"Nimekuja kumrudisha mtoto darasani, mama."

"Hataki, mwalimu. Anasema hesabu si za wajinga."

"Lakini yeye si mjinga!"

"Nimemwambia hivyo mwaka mzima," mama akajibu taratibu, "ila mimi si mwalimu."

Kongoti akaita mlangoni, akaita tena, lakini mtoto hakutoka.