Jina la Kuulizia

"Ng'o! Sipakwi mimi," alisema Teiku, akaziba masikio kwa viganja.

Makuhani wakampaka hivyo hivyo: utomvu sikioni, manyoya juu yake. Mungu wao ndiye aliyeagiza, wakiwa katikati ya safari ya kutafuta makao mapya. Kuanzia siku ile, kwa alama hiyo, walikuwa Meshika, na ambaye angejiita tena Azteka angechapwa kwa miiba ya mkonge.

Wengine walikubali. Mtu mwenye njaa ataligombania jina la nini? Lakini Teiku alikuwa amemwacha mwanawe, Opochtli, kule kisiwani Aztlan walikotoka, anaungua kwa homa mapajani mwa bibi yake. Hakuwa wa kubebeka, na mungu hangojei mgonjwa. "Akipona, akikua, atufuate," Teiku alimwagiza mama yake. "Kila kijiji aulize Azteka wamepita wapi."

Sasa angejibiwa na nani, jamani, na jina lenyewe limefutwa?

Basi kila walipopita, Teiku alijipenyeza sokoni akawaambia wauza mahindi, "Sisi ni Azteka. Mkiulizwa, semeni tumeelekea kusini." Akachapwa. Kijiji kilichofuata akasema tena, akachapwa tena.

"Shoga, mtoto mwenyewe labda alishakufa," Tlako, rafiki yake, alimwambia huku akimkanda mgongo.

"Ukome! Mwanangu yu hai, na atanikuta."

Miaka ikaenda, nywele zikawa nyeupe. Kisha, pale kwenye kilima cha Chapultepeki, vita vikawashinda. Askari wa mji wa Kolwakan wakawafunga kamba, wake kwa waume, wangoje kesho yake kupandishwa hekaluni kuchinjwa.

Mchana ule akatokea kijana mgeni, nyayo zimepasuka kwa safari.

"Kaka," alimwuliza mlinzi, "Azteka ndio hawa?"

"Hawa Meshika. Kwani wewe una undugu nao?"

"Sijui. Namtafuta mama yangu, ni Azteka."

Mlinzi akacheka. "Sikio lako safi, halina manyoya. Haya, waulize. Ila mama yako akiwa humu, ujue na kamba yako ipo."

Kijana akapita akiuliza, mmoja mmoja. Watu wakatazama chini. Tlako akamfinya Teiku, akanong'ona. "Shoga! Pua ya marehemu mumeo ile! Mungu wangu, ni yeye!"

Teiku alikuwa ameshaiona. Kijana akachuchumaa mbele yake, karibu kiasi cha kumshika.

"Shikamoo, mama. Nisaidie. Azteka unawajua?"

Teiku akamtazama, kuanzia zile nyayo hadi paji la uso, taratibu, mpaka mlinzi akaanza kusogea.

"Azteka?" alisema. "Sijapata kuwasikia, mwanangu. Sisi ni Meshika. Nenda kaulize mbali, mbali kabisa na hapa."