Kabla Kamera Haijafungwa

Huku Kitulo, kamera ya kupiga picha za nyota ikiwa wazi, ni marufuku kuwasha hata kiberiti. Mwaka jana jirani aliwasha mshumaa, wakahamishwa nyumba nzima. Anayepanga muda wa kuifungua na kuifunga ni mume wangu.

"Leo piga dakika tano tano," nilimwomba. "Kila ukifunga niwashe taa, nimwangalie Sekela. Kifua kimembana."

"Mama Sekela, kichujio hiki kinapitisha mwanga mwekundu wa gesi ya hidrojeni tu. Kwenye giza hili dakika tano hazishiki kitu. Naweka thelathini."

Akazima taa, akatoka nje kuifungua kamera. Nikabaki gizani namsikiliza mtoto akikohoa, mpaka kikohozi kikakatika ghafla. Nikampapasa shavu, sikujua baridi ile ni yake au ya vidole vyangu.

"Mbona amenyamaza?" mume wangu aliuliza kutoka dirishani.

Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Nikajikuta nauliza, "Bado dakika ngapi?"