Mrihani Juu ya Kioo

"Kanyaga tu, bibi, kioo hiki kinabeba tembo," Sudi, mtembeza wageni, alimtania Bi Mwanakombo. Ghorofa ya arobaini sakafu ilikuwa kioo kitupu, na wageni walipigana picha.

"Kuanguka siogopi, mjukuu wangu. Nimekuja kumzuru mume wangu. Kaburi lake lilikuwa uani kwetu, kabla hatujahamishwa ili lijengwe hili jumba. Walinzi wa chini wamenifukuza, eti anayetaka kuona akate tiketi apande juu."

Utani ukamkauka Sudi mdomoni. "Uani kwenu ni wapi, bibi?"

"Pale chini, penye bwawa la samaki wenu wa mapambo."

Akapiga magoti, akafungua pindo la kanga, akatandaza mrihani wa kaburini juu ya kioo, akaanza kusoma dua.

Lifti ikafunguka, ikamwaga wageni wengine wakicheka. Sudi akasimama mbele yao, mikono ameitanua.